Chumvi Ndani ya Mvuke

Shati la baba yake lilikuwa kavu.

Jenoveva alilishika kola, akaligeuza, akaingiza mkono kwapani. Kavu, kama lilivyotoka kwenye kamba asubuhi. Akalinusa. Lilinuka moshi wa kuni na mafuta ya mashine, basi. Kwa miaka mitatu alikuwa akifua mashati ya Yohane, tangu mama yake alipofariki na yeye akaacha shule akiwa darasa la sita, na haikutokea hata siku moja shati la mchochea moto likarudi nyumbani bila jasho. Siku zote lilirudi zito, na likikauka lilibaki na mistari myeupe ya chumvi mgongoni.

"Baba, leo hamkuwasha boila?"

"Tumewasha tangu alfajiri. Kwa nini?"

"Shati lako."

Yohane alilitazama shati kama la mtu mwingine. "Baridi," akasema. "Huoni ukungu umeshuka mpaka mlangoni?" Kisha akanyoosha mkono akachukua kibuyu cha chumvi karibu na mafiga, akajimiminia kiganjani, akailamba yote kama mbuzi.

Jenoveva alilikunja shati lile bila kulifua.

Hiyo ilikuwa miaka ya matuta, Waingereza walipokuwa wakiwalazimisha watu wa milimani kuchimba matuta mashambani mwao, na aliyepata kazi ya mshahara alijihesabu ameponea chupuchupu. Kiwanda cha mbao kilikuwa juu ya kijiji cha Mlola, pale msitu unapoanzia. Mashine moja ya mvuke iliendesha misumeno yote, na mvuke wenyewe ulitoka kwenye boila, pipa kubwa la chuma lililolala ndani ya kibanda chake kama ng'ombe aliyeshiba. Yohane na mwenzake Paskali waliilisha kuni kwa zamu.

Mkuu wa boila alikuwa Mzee Darweshi, mtu wa Tanga, aliyejifunza kazi kwenye karakana ya reli. Masikio yake yalikuwa mazima, lakini macho yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho, na kazi moja ilimshinda: kupima mvuke. Ndipo alipoomba apewe binti wa Yohane amsaidie, kwa kuwa anajua kusoma na kuandika.

Kazi hiyo Jenoveva aliipenda kuliko alivyowahi kusema. Bomba jembamba la shaba lilitoka kwenye bomba kuu la mvuke, likajizungusha ndani ya debe la maji baridi, na mvuke ukapoa humo ukadondoka matone. Kila asubuhi alikinga matone hayo kwenye chupa ndogo, akatia dawa kutoka kwenye chupa ya kahawia, matone matatu. Maji yakibaki maangavu ya kuona ng'ambo, aliandika kitabuni: Safi. Yakigeuka kama maji ya mchele, aliandika: Chumvi.

"Maji ya boila yana taka zake," Mzee Darweshi alimfundisha siku ya kwanza, "lakini mvuke hupaa peke yake. Ukiona chumvi kwenye mvuke, binti yangu, ujue kuna kitu kimepanda nao. Kitu hicho kikifika kwenye mashine, kinaila."

Dawa ile ilikuwa na ubaya mmoja. Ilipogusa ngozi, ngozi iligeuka nyeusi, na weusi ule haukutoka kwa sabuni wala kwa mchanga. Timotheo, nyapara wa kiwanda, aliyevaa soksi ndefu mpaka magotini, hakuacha kumchokoza.

"Bi Masizi! Vidole vya mchoma mkaa hivyo, nani atakuoa?"

"Si masizi, bwana nyapara. Ni dawa."

"Mweleze mchumba akija!"

Asubuhi iliyofuata ile siku ya shati, Jenoveva alikinga matone, akatia dawa. Tone la kwanza lilipoingia, wingu jeupe lilifumuka ndani ya chupa, zito kama maziwa. Hakuwahi kuona namna ile. Akamwaga, akasuuza chupa, akarudia. Maziwa.

"Mzee Darweshi, shikamoo. Kuna chumvi."

"Marahaba. Kidogo?"

"Hapana, Mzee. Siwezi kuona kidole changu ng'ambo ya chupa."

Mzee Darweshi alifanya anayoyajua. Alipunguza maji ya boila, akamwaga taka za chini, akaamuru moto upunguzwe. Kesho yake chupa ilikuwa nyeupe zaidi. Akamtuma Jenoveva apime maji ya chemchemi ya Kwemazi, yanakotoka maji yote ya boila. Safi kabisa. Akamfungulia koki ya boila yenyewe, wakapoza maji yake, wakayapima. Safi pia.

Yule mzee alisimama na chupa mkononi, uso ameuelekeza kwenye boila asiyoiona vizuri.

"Maji hayana chumvi," akasema polepole. "Boila haina chumvi. Mvuke una chumvi. Imetoka wapi?"

Jenoveva alipoinamia chupa ili aimwage, harufu ilimpanda puani, akaitambua kabla hajataka kuitambua. Ilikuwa harufu ya mashati. Miaka mitatu ya Jumamosi mtoni, mikono ndani ya povu, harufu hiyo hiyo: jasho la baba yake.

Paskali ndiye aliyekufa kwanza.

Alikuwa ameanza kukauka kabla ya Yohane, ila hakuna aliyekuwa akifua na kunusa mashati yake. Mke wake, Marta, alisimulia baadaye kwamba kwa wiki mbili mume wake hakula kitu ila chumvi, na kwamba alipotaka kumlilia marehemu dada yake macho yalikataa kutoa chozi. Walimkuta saa sita mchana, ameketi ameegemeza mgongo kwenye boila inayochemka, mahali ambapo mtu hawezi kukaa hata kwa muda wa kupiga chafya. Hakuwa ameungua. Walipomnyanyua alikuwa mwepesi kama kuni za mwaka jana, na midomo yake iliyopasuka ilikuwa imetabasamu.

Timotheo aliandika kwamba ni homa. "Mzungu mwenye kiwanda anarudi kutoka Tanga mwisho wa mwezi," akawaambia wafanyakazi, "na mbao za miti ya mkulo ziwe zimeshuka mpaka stesheni ya Mombo. Boila haizimwi. Yohane, utafanya zamu zote mbili."

"Ndiyo, bwana," Yohane akasema, haraka mno, kama mtu aliyepewa zawadi.

Jenoveva alimfuata nyuma ya kibanda. "Baba, usikubali. Mwambie unaumwa. Umekonda. Hujatoka jasho siku kumi na moja, nimehesabu."

"Mwanangu, kule ndani kuna raha." Alisema kwa sauti ya chini, macho yake makavu yakimetameta. "Ukiegemea kidogo tu unasikia unavutwa uchovu wote. Kama mtoto anavyonyonya."

Usiku ule Jenoveva alisali rozari mpaka akasinzia nayo. Asubuhi alimkuta Mzee Darweshi naye anasoma Ayatul Kursiy mlangoni mwa kibanda kabla ya kuingia. Hawakuulizana. Alikwenda kwenye debe lake, akafungua koki ya bomba la shaba. Matone hayakuja. Badala yake ulitoka upepo wa moto, mwembamba, na ndani ya upepo sauti, na sauti ilikuwa ya Paskali, ile ya puani aliyokuwa akiimbia kanisani.

"Jeno," ikasema. "Baba yako ni mtamu."

Alifunga koki kwa mikono miwili. Bomba likatetemeka chini ya vidole vyake.

"Amebaki kidogo," likasema bomba.

Hakumwaga machozi njiani, maana alikuwa akikimbia. Alikimbia mpaka Mlola, kwa Bibi Kuluthumu, mwanamke mzee ambaye bibi zake ndio waliokuwa wakitunza Kwemazi tangu enzi za watawala wa zamani, akina Zumbe. Alimkuta anachambua maharage.

"Onga mshi, bibi," akamsalimu kwa Kisambaa. "Shikamoo."

"Marahaba. Umekimbia wewe, lakini kitu kilichokukimbiza kiko nyuma bado. Kaa. Sema."

Jenoveva alisema yote: shati, chupa, Paskali, sauti. Bibi Kuluthumu hakuacha kuchambua maharage hata mara moja, mpaka mwisho.

"Nani aliingiza chungu cheusi kwenye chemchemi?"

"Hakuna, bibi. Kila mtu anajua." Na kweli kila mtu alijua. Tangu akiwa mtoto wa kubebwa, Jenoveva aliambiwa kwamba chungu kilichokaa motoni hakichovywi Kwemazi. Unateka kwa kata safi, unamimina. Mwenye maji, pepo la chemchemi, hapendi masizi. Akiguswa na chungu cheusi hukifuata mpaka nyumbani kwa mwenye chungu, huingia ndani ya chungu, na humo hukaa.

"Hakuna?" Bibi Kuluthumu akamtazama. "Na kile chungu chenu cha chuma, kinachokaa motoni mchana kutwa? Maji kinayapataje?"

"Kwa bomba. Zamani lilitoka kwenye tangi la mbao. Maji ya chemchemi yalidondokea kwenye tangi, boila ikanywa humo. Tangi lilioza, nyapara akasema kulitengeneza ni kupoteza muda, akaamuru bomba lipelekwe moja kwa moja..."

"Mpaka ndani ya maji," bibi akamalizia. "Chungu cheusi chenye shingo ndefu. Nani alilitumbukiza bomba?"

"Paskali. Na baba." Walikuwa wametoka kwenye zamu siku ile, mikono myeusi mpaka viwikoni. Alikumbuka walivyocheka: bomba si chungu.

Bibi Kuluthumu alijifunga kanga kiunoni.

Walipofika kiwandani ilikuwa saa saba mchana, lakini ukungu ulikuwa umeshuka mzito kiasi kwamba misumeno ilisikika bila kuonekana. Timotheo aliwazuia mlangoni.

"Nini hiki? Mganga kwenye kiwanda cha Mzungu?"

"Zima moto," Bibi Kuluthumu akasema. "Ng'oa bomba."

"Bibi, rudi kwenye maharage yako. Mimi nimesoma. Mambo ya kishenzi hayaendeshi mashine. Na wewe, Bi Masizi, huna kazi tena!"

"Haya, bwana nyapara," Jenoveva akasema bila kusogea. "Basi ingia wewe ukamchochelee baba moto dakika tano. Egemea boila kama anavyoegemea. Ukitoka na jasho, nitarudi nyumbani."

Wafanyakazi wawili watatu walikuwa wamesogea kutoka kwenye ukungu. Walimtazama nyapara. Timotheo alitazama mlango wa kibanda, akalamba midomo yake.

"Nakwenda kuandika ripoti," akasema, akaondoka na soksi zake.

Ndani, Yohane alikuwa ameketi pale alipokufa Paskali, mgongo umebana chuma. Mzee Darweshi alikuwa akimvuta mkono bila mafanikio, na machozi yalimtiririka yule mzee.

"Amegandana nayo," akasema. "Binti, nisikilize. Toa moto kwanza. Ukimwaga maji ya boila huku moto ungali mle, itapasuka itatuua sote."

Jenoveva alishika reki ndefu, akavuta makaa yote nje mpaka kwenye sakafu ya udongo, makaa mekundu, kisha ya kijivu, mpaka tumbo la boila likabaki jeusi na tupu. Masizi yalimjaa mpaka puani. Akakimbilia geji inayoonyesha nguvu ya mvuke. Alitegemea kuuona mshale ukishuka.

Mshale ulikuwa unapanda.

"Unasema ngapi?" Mzee Darweshi akauliza.

"Unapanda, Mzee."

"Hakuna moto!"

"Hakuna moto, Mzee, na unapanda."

"Kwenye maji!" Bibi Kuluthumu akapiga kelele. "Twende tukakikate shingo chungu hiki! Mzee, kaa na mgonjwa, usiache mkono wake!"

Walipanda mlima ndani ya ukungu, bibi mbele na Jenoveva nyuma, wakifuata bomba kwa miguu kwa sababu macho hayakuwa na kazi, na bomba lilikuwa la moto, lililopaswa kuwa baridi kwa maji ya msituni, la moto na linapiga kama mshipa wa shingo, na kadiri walivyopanda ndivyo ukungu ulivyozidi kunuka, si harufu ya majani mabichi wala ya mikulo bali harufu ya mashati, mashati ya watu wengi, ya Paskali na ya baba yake na ya watu asiowajua waliokufa kabla hajazaliwa, na pembeni mwake kitu kilitembea sambamba naye, hatua kwa hatua, kikipumua anapopumua, na aliposimama kikasimama, na kilipomsemesha kilitumia sauti ya mama yake.

"Jeno. Umechafuka mwanangu. Njoo nikuoshe."

"Usijibu," Bibi Kuluthumu akasema bila kugeuka.

Kwemazi ilikuwa shimo dogo lenye mawe ya kijani, maji yake yametulia, na mdomo wa bomba umezama humo. Bibi aliingiza mikono, akavuta. Bomba halikutoka. Akavuta tena, akateleza, akaanguka kwa magoti. "Limeshikwa," akahema. "Nguvu zangu hazitoshi. Nawa! Usiingize hata chembe ya masizi!"

Jenoveva alinawa kwenye kijito cha chini. Alijisugua kwa mchanga, kwa majani, kwa mchanga tena, mpaka ngozi ikachubuka na mikono ikawa safi mpaka viwikoni. Vidole tu vilibaki vyeusi kwenye ncha.

Bibi Kuluthumu aliviona. "Na hivyo?"

"Si masizi, bibi. Ni dawa. Haitoki."

Chini mlimani boila ilianza kulia, mlio mmoja mrefu, na ndani ya mlio ule kulikuwa na sauti ya Yohane.

"Si masizi?" bibi akauliza tena.

"Naapa, bibi!"

"Haya. Vuta."

Maji yalikuwa ya baridi ya kukata mifupa. Alikamata bomba, akalisikia likikamatwa upande wa pili, na kwa kitambo kirefu walivutana, yeye na kile kitu, na alihisi ndani ya maji kama ulimi ukipita juu ya ncha za vidole vyake, kimoja baada ya kingine, taratibu, kama mtu anayeonja. Kisha bomba likachomoka. Mlio wa boila ukakatika. Ukungu ukapasuka katikati, na jua likapiga mawe ya Kwemazi.

Walimkuta Yohane amelala kifudifudi sakafuni, mgongo umeachana na chuma, na Mzee Darweshi amempakata kichwa. Jenoveva alipiga magoti. Kwenye paji la uso la baba yake kulikuwa na tone moja. Likakua, likateleza mpaka kwenye nyusi. Alilipangusa kwa ulimi wake mwenyewe kama mwendawazimu. Lilikuwa na chumvi. Akalia kwa sauti.

Tangi lilitengenezwa upya, la mbao za mkulo, na maji ya chemchemi yakadondokea humo kutoka juu bila kuguswa na chuma. Mzungu aliporudi hakuuliza mengi, kwani mbao zilikuwa zimeshuka Mombo. Timotheo alimrudishia Jenoveva kazi yake, na hakumwita tena Bi Masizi.

Bibi Kuluthumu alikuja siku moja kula makande kwao. Alipokuwa akinawa alisema, "Mara ya kwanza pepo hilo hufukuzwa. Likirudi halifukuzwi tena. Hubadilishiwa tu: mwingine akubali mwenyewe kuingia mahali pake, ndipo humwachia yule liliyemshika."

"Lingerudi kwa mwanangu," Yohane akasema, mdomo umejaa, jasho la chakula cha moto likimtoka puani, "lisingesubiri. Ningeingia kabla halijamaliza kuomba."

Wakacheka. Hakuwa akitania.

Siku ishirini na nane mfululizo Jenoveva aliandika: Safi. Siku ya ishirini na tisa alikinga matone, akatia dawa, na wingu jeupe likafumuka ndani ya chupa.

Alisimama bila kusogea. Kisha akainamia chupa akanusa. Haikuwa harufu ya mashati. Ilikuwa ya mafuta ya nazi aliyojipaka kichwani na ya sabuni ya kipande anayonunua gulio la Mlola. Ilikuwa harufu ya kitambaa chake cha kichwa kila anapokivua jioni.

Alikuwa amepanda mlima na madebe mawili ya maji asubuhi ile. Akapitisha mkono shingoni. Akaupitisha kwapani. Akatazama ncha nyeusi za vidole vyake, na akakumbuka ule ulimi, na kiapo chake kwamba si masizi; kwa mwenye maji, weusi ulikuwa weusi tu.

Nje, Yohane alikuwa akipasua kuni, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Alimwona kupitia mlangoni, akasimamisha shoka.

"Vipi leo, mwanangu?"

Jenoveva aliificha chupa ndani ya kiganja. Kwenye bomba la shaba kitu kilivuta pumzi, kikangoja.

"Safi, baba."

Akafungua kitabu, akachovya kalamu, akaandika hivyo hivyo. Hakuwahi kuandika uongo kwenye kitabu kile kabla ya siku hiyo. Wino haukusambaa hata pale alipolaza mkono juu ya karatasi. Mkono ulikuwa mkavu kabisa.